Taa ya Mishipa, na Dakika Nilizonyamaza

Wanangu mnaosomea uuguzi, mwalimu wenu alinipigia simu akaniomba niwaandikie kuhusu ile taa ya kutafuta mishipa ya watoto. "Sista Nekesa," akasema, "wewe ulikuwa wodini kabla hiyo taa haijaja, na ukabaki mpaka ikazoeleka. Waambie hawa vijana." Nadhani alitaka kurasa mbili tatu za kusifu maendeleo. Atanisamehe. Nimestaafu, hakuna matroni wa kuniita ofisini, na sina haja tena ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nitawaambia taa inafanya nini, halafu nitawaambia mimi nilifanya nini.

Kanula mnaijua. Ni kile kibomba laini cha plastiki kinachoingia mshipani pamoja na sindano, kisha sindano inatolewa na kibomba kinabaki kupitisha maji na dawa. Kumwekea mwanamume anayebeba magunia sokoni si kazi, mishipa yake imejitokeza yenyewe. Sasa niletee mtoto wa miezi minane, mnono, mkono kama andazi lililoumuka vizuri, anapiga kelele mpaka dirisha linatetemeka, na mamake analia kumshinda. Hapo ndipo utajua kama ulifundishwa au ulikuwa unakariri tu.

Mimi nilifundishwa na Sista Wairimu. Ameshatangulia, Mungu amweke pema. Alikuwa mfupi, wa sauti ndogo, na hakuna daktari katika hospitali yetu hapa Nakuru aliyethubutu kumjibu vibaya. Wiki yangu ya kwanza katika wodi ya watoto alinifunga macho na kitambaa chake cha kichwa, akaniambia nishike mkono wa kila mtu aliyepita: mpishi, askari wa geti, hata kasisi aliyekuja kuombea wagonjwa.

"Umepata?"

"Nimepata, Sista. Mgumu kidogo."

"Hiyo ni kano, wewe! Mshipa unabonyea halafu unarudi. Kano haibonyei. Tafuta tena."

"Huu unadunda, Sista."

"Huo ni ateri. Ukiudunga huo, nitakudunga wewe."

Kasisi masikini alisimama pale mkono umenyooshwa, nafikiri alidhani ni ibada mpya. Lakini nilijifunza haraka. Mimi ni mtoto wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yangu alikuwa akipita kando ya mabehewa na nyundo, akigonga gurudumu moja moja na kusikiliza, na kwa mlio peke yake alijua lipi lina ufa. Kujua kitu ambacho jicho halikioni nilikukuta nyumbani. Baada ya miaka miwili mitatu, mtoto akishindikana, hata wodi za mbali walikuwa wanasema, "Muiteni Nekesa." Nilikuwa nakuja polepole, sina haraka, natandaza vitu vyangu, naweka. Mara moja. Halafu narudi kwa chai yangu ilhali watu wanaangaliana. Haki, nilipenda sana huo muda wa watu kuangaliana. Kumbukeni hivyo nilivyosema.

Mambo mengine ya Sista Wairimu yachukueni bure. Mtoto usimdungie kitandani kwake, mpeleke chumba cha matibabu, ili kitanda kibaki mahali pa kulala na si mahali pa kuogopa. Mfunge kwa leso, uache mkono mmoja nje. Pasha mkono moto kwa kitambaa cha maji vuguvugu kabla ya kutafuta. Ukikosa mkononi, kuna mshipa unapita mbele ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Kila binadamu anao, hata kama huuoni. Kata kipande cha boksi la glavu ukifunge chini ya mkono, la sivyo mtoto atakunja kiwiko na utarudi kuanza upya. Na mama asifukuzwe. Mama anayetaka kutoka atatoka mwenyewe.

Kuhusu mama, kuna jambo halimo vitabuni. Katika bonde letu hili, kutoka Naivasha mpaka Kuresoi, ukikaribia kichwa cha mtoto mchanga na wembe, mama anaanza kukusanya nguo zake. Anajua mtoto anakufa. Hawajatunga tu. Kichwani kuna mishipa mizuri, lakini sisi tulizoea kwenda huko mwisho, tumeshindwa kwingine kote, na mtoto aliyefikishwa mwisho mara nyingi hakupona. Mama waliona wembe, halafu wakaona shuka. Tena nywele za kwanza za mtoto si za kunyolewa na mtu yeyote tu, kuna nyanya anazingoja. Sista Wairimu hakunyoa kamwe bila kuuliza nyanya wa mtoto yuko wapi. Kama yuko mbali, anampigia simu, anamwamkua, anamweleza. Zile nywele anazifunga kwa kipande cha shashi na kumkabidhi mama. Hilo lilichukua dakika mbili, na hakuwahi kugombana na familia.

Sasa taa. Sista Wairimu alikuwa ameshastaafu ilipofika, ndani ya sanduku lenye sponji, na mzungumzaji mwenye suti akatupa hotuba. Sisi tuliiita tochi. Inatoa mwanga ambao jicho haliuoni. Damu iliyo ndani ya vena, mishipa hii tunayoidunga, inaumeza mwanga huo, ngozi inaurudisha, na mashine inachora picha palepale juu ya mkono: ngozi inakuwa kijani, mishipa inakuwa mistari myeusi. Siku ya kwanza wodi iligeuka sinema. Mpishi alikuja kuangalia kama ana damu ya kutosha. Askari wa geti akaonyeshwa mkono wake akasema, "Wacha! Kumbe niko na barabara nyingi kuliko kaunti." Kuna mama kutoka Kihoto aliyekataa mtoto wake amulikwe, ati inapiga picha za ndani na kuzipeleka ng'ambo, mpaka tukammulika yeye kwanza.

Ni kifaa kizuri. Nasema hivyo leo, wakati ule hungenitoa neno hilo hata kwa koleo. Kwa mtoto mnono mwenye ngozi nyeusi kama zetu, ambaye jicho halioni kitu, inaonyesha njia mara moja. Lakini ishikeni wima. Ukiiinamisha, mstari unahama kidogo, na kwa mtoto kidogo ni kingi. Usiibandike juu ya ngozi, utaubana mshipa upotee. Inakuonyesha mshipa uko wapi, haikuambii uko chini kiasi gani. Kwa hivyo weka kidole pia. Bonyeza ule mstari mweusi, uachilie. Ukijaa tena, una damu inayotembea, ingia. Usipojaa, ni picha tu, tafuta mwingine. Na kubwa kuliko yote: mtoto aliyekauka kwa kuhara, mwili wake umebana mishipa, hakuna cha kuonyeshwa. Mtoto baridi, mlegevu, usikae naye ukicheza na tochi. Jaribu haraka, ukikosa nenda kwenye sindano ya mfupa. Ile inaingia kwenye mfupa chini kidogo tu ya goti, na maji yanafika moyoni sawasawa na ya mshipani. Inatisha kuangalia. Inaokoa.

Aliyeijua tochi kutuzidi sote alikuwa Faith, msichana wa Njoro, mwaka wake wa kwanza kazini. Alikuwa mpole, mwenye adabu, ananibebea hata mkoba. Nilimchukia kwa muda wa miezi mitano. Hakunikosea. Ila siku moja nilimdunga mtoto mara tatu nikakosa, Faith akaja na tochi yake akapata mara ya kwanza, na mama wa yule mtoto akamwambia mwenzake wa kitanda cha pili, "Huyu mzee ni wa kuumiza watoto, ngoja yule wa tochi." Nilisikia. Baada ya hapo mama walianza kunipita na macho wakimtafuta Faith. Hakuna aliyesema tena "muiteni Nekesa." Nilijitia hamnazo, lakini nyumbani nilikuwa silali vizuri.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikizunguka.

Ilikuwa asubuhi ya mvua. Mama Chela aliingia wodini na mtoto mgongoni, ametoka Keringet, kule Kuresoi, kabla ya jua, matope yamefika magotini. Mtoto aliitwa Chelangat, wa miezi minane, wa kwanza na wa pekee. Alikuwa ameanza kuhara na kutapika jana yake mchana, na jioni hiyohiyo mama akampeleka dispensari. Wakampa pakiti za maji ya chumvi na sukari, wakamwambia usipoona nafuu nenda Nakuru. Hakuona nafuu, akaja. Zingatieni hapo. Alifanya kila alichoambiwa, kwa saa aliyoambiwa.

Mimi ndiye niliyempokea. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, mikono baridi mpaka kwenye kiwiko. Lakini alikuwa ananiangalia. Alishika kidole changu. Nilijua kabisa huyu ni wa haraka, na pia nilijua ana nafasi, kwa sababu wa namna hiyo nilishawatoa hatarini wengi. Daktari alikuwa ameitwa thieta, kwenye upasuaji. Tukabaki mimi na Faith katika chumba cha matibabu, na mama mlangoni.

Faith akachukua tochi. "Nianze, Sista?"

Kazi ilikuwa yangu, mimi ndiye mkubwa. Nikasema, "Si wewe ndiye mwenye mashine? Anza."

Nikarudi nyuma nikaegemea kabati, nikakunja mikono kifuani.

Mara ya kwanza aliishika tochi imeinama. Niliona. Maneno yalikuwa mawili tu, "Nyoosha tochi," na sikuyasema. Akakosa. Mara ya pili alipata mstari mzuri kwenye kifundo cha mkono, lakini hakuubonyeza, na mimi nikiwa pale nilijua ule mstari hauna kitu. Akaingia, damu haikurudi. Akageuka akaniangalia. Sikusema kitu. Akahamia mkono wa pili. Mama Chela kutoka mlangoni akasema, "Kama shida ni nywele, nyoeni tu. Mimi sina maneno." Mama wa Keringet, mtoto wa kwanza, anatupa kichwa! Sijui alikuwa amejiambia nini moyoni mpaka akafika hapo. Faith akaniangalia tena. Nikaangalia saa ya ukutani.

Sindano ya mfupa ilikuwa kwenye droo ya juu ya troli, hatua tatu kutoka nilipokuwa. Niliiweka mwenyewe Jumatatu.

Mtaniuliza nilikuwa nafikiria nini. Nilikuwa nafurahi. Niandike vingine niwadanganye? Mashine ilikuwa inashindwa, na mbele ya mama, na nilikuwa nangoja Faith aseme, "Sista, nimeshindwa, tafadhali." Nije polepole, kama zamani. Nilisema moyoni, acha akose mara moja zaidi. Kwa saa ile ya ukutani zilikuwa dakika kumi na moja.

Kisha Chelangat akaacha kulia. Ninyi mtajifunza kuogopa mtoto anayeacha kulia. Nilimwona anavuta pumzi kwa kidevu, na hapo ndipo miguu yangu ikakumbuka kutembea. Nilimsukuma Faith, nikachukua ile sindano, ikaingia mfupani kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuwasimulia. Maji yakaingia vizuri kabisa. Ilikuwa rahisi hivyo. Moyo ukasimama maji yakiwa yanaingia. Tulimbonyeza kifua, tukampa hewa, daktari akaja mbio na nguo za thieta, akachukua zamu. Haikusaidia kitu.

Mama Chela aliniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mvi. "Sista, nini imefanyika?"

Na mimi, wanangu, nikampa jibu ambalo liko tayari katika kila wodi. "Mama, mtoto alifika amekauka sana. Mngekuja mapema."

Hakunipinga. Hakusema, nilienda dispensari jana. Aliinamisha kichwa juu ya leso aliyofungwa mtoto akasema, "Ni mimi. Nimechelewa." Nikamwacha aseme. Hata nilimpapasa mgongo. Halafu nikaenda mezani nikaandika kwenye faili kwamba mishipa ilikuwa migumu kupatikana na mgonjwa aliletwa kwa kuchelewa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku hiyo.

Faith alifanya kazi mwezi mmoja tu baada ya hapo. Hakugusa tochi tena. Alipokuja kuniaga nilimwambia, "Hii kazi si ya kila mtu, mama." Akasema, "Asante, Sista." Mimi nikabaki na wodi, na tochi, na kwa aibu ambayo sikuionyesha mtu nikajifunza kuitumia, tena nikaijua vizuri. Kuishika wima na kubonyeza mstari nilivijua tangu ile hotuba; mengine niliyowafundisha hapo juu nilijifunza baada ya Chelangat. Nilistaafu kwa keki na hotuba. Walisema sijawahi kumwacha mtoto. Nilikula ile keki.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha miaka minne, na nadhani ningeficha mpaka kaburini kama si kuku. Nilikuwa nimeanza kufuga, kuku wakaanza kukohoa, jirani akaniambia Njoro kuna duka la dawa za mifugo lenye binti anayejua sana. Nikaenda. Nyuma ya kaunta alikuwa Faith.

Alinitambua kabla sijafunga mwavuli. "Sista Nekesa! Karibu. Umekuja kudunga ng'ombe?" Akacheka. "Ng'ombe hana shida, mshipa wake wa shingo unauona ukiwa barabarani." Akanipa kiti, akaniuliza kuhusu kuku wangu maswali ya maana kuliko ya madaktari wengi: wameanza lini, wanakula, wangapi. Nikamwona bado ni nesi. Roho ikaniuma.

"Faith," nikasema, "ile siku ya mtoto wa Keringet, uliinamisha tochi."

Tabasamu likatoka. "Najua. Nilikuja kujua baadaye. Naota kila mara."

"Mimi nilijua palepale. Mara ya kwanza tu. Na nilijua ule mstari wa pili hauna damu. Na sindano ya mfupa nilijua iko wapi. Nilinyamaza makusudi. Nilitaka ushindwe."

Kuna mzee mwenye buti za mpira alikuwa anangoja dawa ya kuogeshea ng'ombe. Faith akamhudumia mpaka mwisho, akamweleza kipimo, akamrudishia chenji, akamsindikiza mlangoni. Ndipo akarudi.

"Unajua mimi nilikuwa naangalia nini siku hiyo?" akaniuliza. "Si tochi. Nilikuwa nakuangalia wewe. Kila nikikosa, nakuangalia. Nikaona Sista ametulia, amekunja mikono. Nikajiambia, basi bado kuna wakati. Kama ingekuwa mbaya, Sista angekuwa amekuja."

Nilianza kusema pole. Akainua mkono.

"Mamake anajua?"

"Hapana."

"Ulimwambia nini?"

Nikamwambia nilichomwambia. Faith alikaa kwenye gunia la chakula cha kuku, akashika kichwa. "Ngai. Ulimwambia alichelewa? Sista, usiniombe msamaha mimi. Mimi sikuwa mgonjwa wako. Nenda kwanza kwa huyo mama."

Hakunifukuza. Alinipa dawa ya kuku, akaniandikia jinsi ya kuipima, na hakuniambia karibu tena.

Niliandikia hospitali barua, nikaeleza vile mambo yalivyokuwa, nikaweka sahihi. Watakaloamua ni lao. Nikampigia nesi wa ile dispensari ya Keringet, naye akamuuliza Mama Chela kama anataka kuniona. Siku tatu hakukuwa na jibu. Ya nne nikaambiwa, njoo.

Nilimkuta nje ya nyumba akichagua viazi, vikubwa kando, vidogo kando, na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu akivirusha vile vidogo kwa kuku. Anaitwa Kibet, ana afya, Mungu ashukuriwe. Mama Chela alikuwa amekonda. Aliniletea kiti, yeye akabaki kwenye jiwe, akaendelea kuchagua. Jikoni kulikuwa na mama mkwe wake, nilimsikia akipasua kuni na kuongea na moto.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno njiani. Yote yalipotea. Nikamweleza tu kama nilivyowaeleza ninyi: tochi, saa ya ukutani, droo. Nikamwambia kwamba aliposema nyoeni, nilimsikia. Nikamwambia kwamba nilikuwa namwonea wivu msichana mdogo. Lilisikika dogo sana nilipolisema pale, mbele ya viazi, jambo dogo na la upuuzi, na mtoto wa mtu amekufa kwa ajili yake.

Alikuwa ameacha kuchagua. Kiazi kilikuwa mkononi mwake, akikisugua matope kwa kidole gumba.

"Zilikuwa dakika ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na kama ungeanza wewe?"

"Siwezi kukuapia. Lakini wa namna yake nimewatoa wengi. Alipofika alinishika kidole."

"Alikuwa anashika sana," akasema. Akaendelea kukisugua kile kiazi. Mimi sikumharakisha, nilikuwa tayari kwa matusi, kwa jiwe, kwa mwanamume wa boma kuitwa. Kumbe yeye alikuwa anafikiria kitu kingine kabisa.

"Hapa nyumbani," akasema kwa sauti ya chini, "chakula kikichelewa, naambiwa 'kama ile siku.' Maji yakichelewa, 'kama ile siku.' Huyu Kibet akipata homa kidogo, wananinyang'anya wanakimbia naye wenyewe, wanasema mimi ni mtu wa kuchelewa. Bwana yangu alikuwa ananitetea. Sasa hata yeye amechoka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekubali." Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Kwa hivyo sikuchelewa."

"Hukuchelewa, mama. Ulifika na wakati. Mimi ndiye niliyeupoteza."

Akaweka kiazi chini. Akasimama, akakung'uta sketi, akamchukua Kibet akampakata. Nilifikiri ananiaga, nikaanza kutafuta mkoba wangu.

"Kaa," akasema.

Akageukia jikoni akaita, na sauti haikuwa ya chini tena. "Mama! Hebu kuja hapa!"

Mama mkwe alitoka akijifuta mikono, macho mekundu kwa moshi, akaniangalia, akamwangalia mkaza mwanawe, akauliza kuna nini. Mama Chela akasogea tu kando ili mama mkwe asimame mahali ambapo angenisikia vizuri.

"Sista," akaniambia, "sema tena. Polepole. Usiruke kitu."

Nikasema tena.